Sifa Zilizotaka Kumuua Leotis

Daktari Whitlock alivua kofia kabla hajafika kwenye ngazi. Akasifia maua ya kibarazani, akauliza kama Verlene ameyapanda mwenyewe, kisha akasimama kusubiri kukaribishwa. Kwa mzungu wa umri wake, katika sehemu ile ya Alabama, hiyo ilikuwa heshima ya kutosha kumtia mtu wasiwasi. Verlene Tolliver alimtazama kupitia wavu wa mlango, akajiambia moyoni: huyu ana shida na mimi.

Alimfungulia hata hivyo. Marehemu mama yake, Lutie, alimlea hivyo. Mgeni unayemshuku unamkalisha, unampa chai ya barafu, unamkatia keki ya siagi, halafu unaendelea kumshuku huku anakula.

"Bi Verlene, nimekuja kwa ajili ya mdogo wako, Leotis," mzee yule alisema. "Mimi ni mtaalamu wa mambo ya akili. Nimetumwa na jimbo. Jaji anataka kujua Leotis ni mtu wa namna gani, na nani amjuaye kuliko wewe?"

"Hakuna."

"Basi nieleze tu, kwa maneno yako. Ukiniruhusu, nitawasha hiki." Akaweka mezani kinasa sauti kidogo, kando ya sahani ya keki.

Verlene hakukitazama kinasa sauti. Aliutazama mkoba wa ngozi uliokuwa miguuni pa mgeni. Alipokuwa mtoto, mwanamke mwenye mkoba kama ule alikuja kwenye nyumba ya tatu kutoka kwao, akauliza maswali kuhusu Cleophus, mtoto wa jirani aliyechelewa kusema. Mama yake Cleophus, kwa unyoofu wake, alijibu kila swali. Ndiyo, mwanangu mzito kidogo. Ndiyo, bado namvalisha. Wiki iliyofuata gari la serikali lilimchukua Cleophus kumpeleka kwenye nyumba ya wapungufu wa akili, na barabara nzima haikumwona tena. Jioni ile Lutie aliwakalisha wanawe jikoni, Verlene na Leotis, au Leo kama walivyomwita, aliyekuwa bado akidondosha mate, akasema: "Kuanzia sasa, mtu wa mkoba akiuliza, Leo anajua kila kitu. Mmenisikia? Kila kitu."

Kwa hiyo Verlene alimsifu mdogo wake. Alisema Leo anaendesha gari. Alisema anapika, anajifulia, anasoma Biblia yake. Alisema kanisani ni mhudumu wa mlangoni, tena hodari, anazijua ishara zote za mikono za kukalisha waumini. Alivyozidi kusifu ndivyo alivyozidi kuamini kwamba anamjenga mbele ya jaji, maana ni jaji gani atakayetaka kumuua mtu mwema, mcha Mungu, anayejitegemea? Daktari Whitlock alikuwa akiitikia kwa kichwa. Akaomba kipande cha pili cha keki.

"Kwa hiyo, kwa maoni yako, hakuna jambo la kawaida linalomshinda?"

"Hakuna kinachomshinda Leo," Verlene alisema.

Mgeni alipoondoka, Verlene aliiosha sahani yake mara mbili. Hakujua kwa nini.

*

Aliyemweleza alichokuwa amefanya ni Wakili Sorrell, msichana wa kizungu kutoka Montgomery, mwenye viatu vya wanaume na gari lililojaa makaratasi. Alikuja juma lililofuata, na hakusifia maua.

Leotis alikuwa amekaa kwenye jengo la waliohukumiwa kifo kwa miaka mingi. Alikuwa ameua. Hilo halikuwa na ubishi, na Verlene hakuwahi kulibishia. Wiki ambayo Verlene alilazwa hospitali kukatwa kifuko cha nyongo, wiki hiyo moja ambayo Leo alibaki bila mtu, kijana mmoja aitwaye Dwight alimchukua, akampa bastola, akamwambia asimame mlangoni mwa kituo cha mafuta na mtu akisogea apige. Mwenye kituo, mzee Hadley, alisogea. Dwight alijua kuzungumza na polisi, akapata kifungo cha miaka kadhaa. Leo alijibu ndiyo kwa kila alichoulizwa, akapata kifo.

"Sheria imebadilika, Bi Verlene," Sorrell alisema. "Mtu mwenye ulemavu wa akili, serikali hairuhusiwi kumuua. Atabaki gerezani mpaka mwisho, lakini ataishi. Tunachotakiwa ni kumwonyesha jaji kwamba Leotis ni mmoja wao, na kwamba alikuwa hivyo tangu utotoni."

Verlene alimkazia macho. Kisha akasema taratibu, "Na yule mzee wa kofia?"

"Mzee gani?"

"Aliyekuja kabla yako. Whitlock."

Sorrell aliufumba mdomo wake, akavuta kiti, akakalia ukingo wake. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia Leo anajua kila kitu."

Ndipo Verlene alipoelewa kwamba lile tendo la kumlinda, alilolifanya tangu akiwa na meno ya utoto, mara hii limemfungulia mlango mtu aliyekuja kumtafutia mdogo wake kifo. Na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemkatia keki.

Lakini kuelewa si kuamini. Alimgeukia msichana yule. "Na wewe ulikuwa wapi wakati wote huu? Leo amehukumiwa wewe ukiwa shule. Sasa unakuja na viatu vya kaka yako unataka nisimame mbele ya watu wazima niseme mdogo wangu zuzu?"

"Nataka useme ukweli tu."

"Ukweli. Mzee Whitlock naye alitaka ukweli. Kila anayekuja hapa anataka ukweli, na kila mmoja ana mahali pa kuupeleka."

"Wangu naupeleka kwa jaji."

"Wa kwake unakwenda wapi? Kwa muuza nyanya?"

Sorrell alicheka bila kutaka. Verlene hakucheka. Lakini alimsogezea sahani, na kwa Verlene hilo lilimaanisha tu kwamba mtu huyu naye ameingia kwenye orodha ya kushukiwa kwa utaratibu.

*

Verlene alipika miaka yote kwenye jiko la shule ya kata: mkate wa mahindi, sukuma wiki, maharage ya macho meusi. Aliolewa mara moja. Mume alipomwambia achague kati yake na Leo, alimfungia nguo zake vizuri kwenye sanduku, baada ya kuzipiga pasi. Tangu kifo cha mama yao alikuwa ndiye kuta na paa la mdogo wake. Alimpangia nguo kitandani kwa mfuatano wa kuvaa. Alimfundisha kusema "nimesahau miwani yangu" kila alipopewa kitu cha kusoma, ingawa hakuwahi kuwa na miwani. Alimfundisha kucheka watu wakicheka. Dukani Leo alinyoosha kiganja chenye fedha, na mwenye duka, aliyewajua, alichukua stahili yake na kuacha nyingine.

Kata nzima ilijua, na kata nzima ilinyamaza. Hilo ndilo jambo ambalo watu wa mahakama hawakuweza kulielewa, au hawakutaka. Walidhani kitu kisichosemwa hakipo. Miaka mia watu wale walijifunza kwamba kila udhaifu ukitajwa mbele ya serikali hugeuka kuwa kamba, kisha serikali ile ile inakuja na kushangaa: mbona hamkusema?

*

Siku ya kesi, mashahidi hawakuruhusiwa kukaa ndani kabla ya zamu zao. Verlene alikaa kwenye benchi la ukumbini, kofia yake ya kanisani kichwani, mkoba magotini. Rafiki yake Ozella, ambaye hakuwa shahidi, aliingia na kutoka kumletea habari.

"Daktari wenu yuko kizimbani," Ozella alisema. "Imhoff. Anaongea taratibu kama anatia uzi kwenye sindano."

"Anasemaje?"

"Alimpima Leo kwa vitofali. Vyekundu na vyeupe. Unaonyeshwa picha, unavipanga vifanane nayo. Leo alivipanga kama reli."

"Hata mimi ningevipanga kama reli."

"Wewe hata viti vya Jumapili ya akina mama vinakushinda."

"Nenda zako, Ozella."

"Nakwenda. Sikiliza. Anasema mstari wa alama za akili ni sabini. Ukiwa chini yake, basi una ulemavu. Imhoff amempata sitini na saba. Yule wa jimbo, mla keki wako, amempata sabini na nne."

"Mtu yule yule?"

"Mtu yule yule, kichwa kile kile. Ungedhani wanapima samaki, mmoja kaweka kidole kwenye mizani."

Verlene aliutazama mlango. "Kidole cha nani?"

Ozella na yeye wote walijua kwamba swali hilo liliwahusu madaktari wote wawili.

*

Alipoitwa, alipita karibu na meza ya Leo. Walikuwa wamemvalisha shati jeupe, na minyororo miguuni tu. Alikuwa amenenepa. Alimtabasamia kama mtu aliyeona mlango wa kwao. Upande wa pili, mstari wa mbele, alikaa binti wa mzee Hadley, mwanamke mtu mzima mwenye mikono iliyofumbatana. Verlene alimwinamishia kichwa. Mwanamke yule hakuitikia, na Verlene hakumlaumu.

Sorrell alimwongoza polepole. Nguo kitandani. Miwani isiyokuwepo. Kiganja cha fedha. Kila jibu lilimtoka Verlene kama jino. Mwishoni Sorrell aliuliza, "Kwa maneno yako, Bi Verlene, mdogo wako yukoje?"

Verlene aliutazama ukuta juu ya kichwa cha jaji. "Leo ana mwili wa mtu mzima na akili za mtoto," alisema. "Tangu zamani yuko hivyo. Nimesema."

Hakumtazama Leo alipokuwa akisema.

Kisha akainuka Bwana Gantt, mwendesha mashtaka, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya upole. Verlene aliijua aina ile ya upole. Ilimfikia siku moja kibarazani ikiwa imevua kofia.

"Bi Tolliver, siku Daktari Whitlock alipokutembelea, alikutisha?"

"Hapana. Alisifia maua yangu."

Watu wachache walicheka. Gantt naye alitabasamu, akabonyeza kidude mezani. Sauti ya Verlene ikajaza ukumbi, ya kujiamini, ya mwanamke aliye nyumbani kwake: *Hakuna kinachomshinda Leo.* Nyuma yake ikasikika uma ukigonga sahani.

"Hiyo ni sauti yako?"

"Na keki yangu."

"Basi nisaidie, mama. Siku ile ulikuwa unadanganya, au unadanganya leo?"

Jaji Purcell, mzee mwenye nyusi nene, aliacha kuandika.

"Siku ile," Verlene alisema. "Na siku zote kabla ya ile."

"Yaani wewe ni mwongo wa siku nyingi."

"Nina umri wa kuwa bibi yako, kijana, lakini ndiyo. Nilifundishwa. Kwetu mtu wa mkoba akiuliza kama mtoto wako mzito, unasema si mzito. Nenda barabara ile yote uwaulize, watakujibu hivyo hivyo. Aliyejibu vingine alichukuliwa mtoto."

"Hadithi nzuri. Na imekujia kichwani baada ya kukutana na wakili huyu."

"Imenijia baada ya kujua mnataka kumuua."

"Ulisema anasoma Biblia."

"Anaishika. Nikigeuza ukurasa anageuza."

"Anapika."

"Nikimwambia koroga anakoroga. Nisipomwambia acha, haachi."

"Kanisani alikuwa mhudumu wa mlangoni, mwenye glavu nyeupe, akikalisha waumini kwa ishara za mikono. Kazi ya heshima. Unataka jaji aamini kwamba mtoto mchanga aliifanya miaka yote hiyo?"

"Nilisimama mlango wa pili, mkabala naye. Alikuwa akiniangalia mkono."

Gantt akageuka nusu kuelekea meza ya Leotis, na sauti yake ikapoteza upole. "Kama anavyouangalia sasa. Mheshimiwa, tangu shahidi huyu akae pale, mshtakiwa hajaondoa macho mikononi mwake. Akiinua mkono, mshtakiwa anainua kichwa. Akiushusha, anainama. Naomba ieleweke kwamba shahidi anamwongoza mshtakiwa kuigiza ujinga mbele ya mahakama yako."

Sorrell alisimama kupinga. Jaji aliwatazama wote wawili, kisha akamtazama Verlene kwa muda mrefu. Katika macho yale Verlene aliona kile alichokiona kwa kila mtu siku ile, na alichokuwa nacho yeye mwenyewe: shaka.

"Bi Tolliver," jaji alisema, "weka mikono yako nyuma ya mgongo. Iache huko mpaka nikuruhusu. Tunapumzika kidogo."

Verlene akaweka mikono nyuma, hata kwenye mapumziko, akiwa amekaa pembeni ya kizimba chini ya macho ya askari. Mabega yakamuuma. Hakuthubutu hata kuirekebisha kofia.

Jaji aliporudi, karani alitangaza watu wasimame. Wakasimama, na Verlene naye, mikono nyuma. Jaji akakaa, akasema wakae. Viti vikapiga kelele. Watu wote wakakaa isipokuwa Verlene, ambaye alikuwa akingoja kuonyeshwa kiti cha kizimbani, na Leotis.

Leotis alikuwa amesimama wima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mgongoni, umekunjwa ngumi. Kidevu juu. Macho kwa dada yake.

"Bwana Tolliver, kaa," jaji alisema.

Hakukaa.

"Kaa chini, Leotis," Sorrell alimnong'oneza, akamvuta shati. Leo aliteremsha macho kumtazama, kwa adabu, kama mtu anayesumbuliwa ibadani, akayarudisha kwa dada yake. Askari akaanza kusogea.

"Usimguse!" Verlene alipaza sauti. Akajishika. "Mheshimiwa, hakaidi. Mkono nyuma ya mgongo kwa wahudumu wa kanisa letu maana yake simama zamu. Mmeniambia niweke mikono nyuma. Sijamwachilia."

"Maigizo," Gantt alisema. "Mheshimiwa, hili limepangwa."

"Lilipangwa na nani?" Sorrell aliruka. "Amri ya mikono ilitoka kwa nani?"

Binti wa mzee Hadley alikuwa amegeuka, kwa mara ya kwanza, kumtazama mtu aliyemuua baba yake akiwa amesimama pale akisubiri kukalishwa.

"Mwachilie, Bi Tolliver," jaji alisema.

Verlene alitoa mkono wa kulia, akaushusha taratibu, kiganja chini. Leotis akakaa. Kisha akatabasamu, kwa sababu kazi ilikuwa imekwenda vizuri.

*

Msomaji, ungedhani ingetosha. Haikutosha. Alasiri ile Daktari Whitlock alipanda kizimbani, na Verlene, aliyekwisha kutoa ushahidi, aliruhusiwa kukaa ndani karibu na Ozella. Mzee yule alipopita alimwinamia. "Bi Verlene. Keki yako bado naikumbuka."

"Nami nakukumbuka wewe," Verlene alisema.

Akiwa kizimbani alieleza kwamba tukio la asubuhi, kwa maoni yake ya kitaalamu, linaonyesha uwezo wa kujifunza. Ishara za mikono ni mfumo. Mtu asiye na akili hawezi kuushika mfumo. Ozella alimfinya Verlene paja. Walikuwa wamejua kwamba mwanamume huyu angeweza kula chochote kilichowekwa mbele yake, lakini hawakutegemea angekula na hili.

Sorrell aliuliza kuhusu ile sabini na nne. Iko juu ya mstari kidogo tu, si kweli? Ndani ya pengo la makosa ya kipimo?

"Hiyo ni alama ghafi," Whitlock alisema. "Nilipoirekebisha, nilipata themanini na mbili."

"Uliirekebisha vipi?"

"Watu wa jamii ya mshtakiwa, waliokulia katika umaskini wa mshtakiwa, hupata alama ndogo kuliko uwezo wao halisi. Ni suala la kuwatendea haki. Kwa hiyo mtaalamu huongeza."

"Jamii ya mshtakiwa. Unamaanisha watu weusi."

"Namaanisha jamii yake, ndiyo."

"Daktari, kama Leotis angekuwa mzungu maskini, mwenye majibu yale yale, vitofali vile vile, ungeongeza ngapi?"

Whitlock alivua miwani yake, akaifuta. "Kwa kigezo cha jamii, nisingeongeza."

"Kwa hiyo mzungu huyo angebaki na sabini na nne, ambayo kwa pengo la makosa ingeweza kumwokoa. Na Leotis, kwa rangi yake, umemwongezea akili za kutosha kuuawa."

"Hayo ni maneno yako."

"Kumbe kuwa mweusi ni dawa!" Ozella alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Na sisi miaka yote hii tunakwenda kliniki!"

Jaji aligonga meza. Ukumbi ulivuma, kicheko na hasira pamoja. Katika shule zile zile za kata, watu weusi waliambiwa kwa vipimo vile vile kwamba hawana akili za kuingia darasa la juu. Siku ile ya kuwapeleka kifoni, akili zao ziliongezwa. Verlene hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama Jaji Purcell, aliyekuwa ameshika kalamu bila kuandika, akajaribu kusoma uso ule kama alivyokuwa amesoma nyuso za watu wa mkoba tangu utotoni. Haukusomeka.

*

Uamuzi ulikuja majira ya baridi. Jaji aliandika kwamba hakuwaamini madaktari wote wawili kikamilifu, na kwamba kuongeza alama kwa ajili ya rangi ya mtu ni jambo ambalo mahakama yake haitalitumia. Aliandika kwamba Bi Tolliver aliwahi kudanganya kwa ufasaha mkubwa, na kwamba kwa sababu hiyo asingeutegemea ushahidi wake peke yake. Lakini aliandika kwamba aliona mtu mzima akishindwa kukaa. Hukumu ya kifo ikafutwa. Leotis akahamishiwa gereza la kawaida, kifungo cha maisha.

Sorrell alimpigia simu akilia. Verlene alimshukuru, akamtakia safari njema ingawa hakuwa safarini, kisha akakaa jikoni na kumwaga machozi ambayo hakuwa ameyamwaga hata siku ya hukumu ya kwanza.

Alimtembelea Leo Jumamosi ya kwanza iliyoruhusiwa. Gereza hili lilikuwa na chumba cha wageni chenye meza, na watu waliweza kugusana. Miaka mingi alikuwa akimwona kupitia kioo. Alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo Leo alilipenda.

Leotis aliingia, akamwona, akapunguza mwendo. Alikaa kiti cha mbali, akakiacha kilichokuwa karibu. Alikunja mikono kifuani.

"Leo, mdogo wangu. Njoo nikushike."

Hakusogea. "Jamaa wanasema uliniita zuzu."

"Jamaa gani?"

"Wa humu. Wamesoma gazeti. Wanasema dada yako alisimama mbele ya jaji akakuita zuzu." Alimtazama kwa jicho la pembeni, jicho ambalo Verlene alilifahamu kwa sababu lilikuwa lake mwenyewe. "Nami nilisikia. Nilikuwepo."

"Nilisema ili wasikuue."

"Wewe ulisema tusiseme. Mama alisema. Tuliwahi kusema?"

"Hatukuwahi."

"Mbona umesema?"

Alimweleza. Alimweleza taratibu, kwa maneno madogo, kuhusu mstari na namba na jaji. Leo alisikiliza hadi mwisho, kwa umakini wa mtu aliyekwisha kuamua. Kisha akaegemea mbele, akashusha sauti.

"Wamekupa nini?"

Verlene aliinuka, akaenda kwenye mashine ya kuuza vitafunio iliyokuwa ukutani, akanunua pakiti ya viazi vya kukaanga, vile vya chumvi na siki. Akaifungua, akaiweka katikati ya meza.

Leotis aliitazama pakiti. Akaisogeza kwa kidole, akachungulia ndani, akairudisha upande wa dada yake.

"Kula wewe kwanza," alisema.

Verlene alichukua kiazi kimoja, akakitia mdomoni, akatafuna. Leo alimwangalia koo mpaka alipomeza. Alisubiri kidogo zaidi. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kimoja tu, akakinusa.